Kivuli Kilichokubali Posa

Siku hizi mtu akinyamaza mtandaoni, kivuli chake humsemea. Mabaraza yote yameunganishwa, hivyo kivuli kimoja kinatosha kila mahali. Mimi nina haya, nimekiachia changu kinisemee tangu nilipoacha shule darasa la tano. Kinajua kuchekesha, na mama anakipenda.

Leo jikoni mama aliniambia, "Hongera, mwanangu. Umemkubali Shekuwe, yule mgane wa mtaa wa pili."

"Sijamkubali, mama. Simtaki."

"Shangazi zako wamekusikia. Hata umemtania kipara chake, akacheka."

Nikavaa miwani ya mtandaoni, nikaingia barazani mwenyewe. Shangazi zangu walikuwa wamekaa mkekani, na kivuli changu katikati yao kinapigiwa vigelegele.

"Mimi ndiye Mwanasiti," nikasema kwa sauti ndogo. "Simtaki huyo mtu."

Shangazi Rukia akanitazama. "Wewe nani, mwenzetu? Mwanasiti wetu hababaiki akisema."

Wakanitoa.

Nilipovua miwani, mama alikuwa ameshakoroga hina. "Lete mikono," akasema.

Nikanyamaza, na kwenye simu yake sauti yangu ikasema, "Ahsante, mama. Nipake mpaka viwikoni."