Bega la Kushoto

"Aliteleza bafuni," msimamizi wa kiwanda cha chumvi alijibu kabla Makame hajafungua kinywa.

Sikitu, mtaalamu wa tiba ya viungo katika zahanati ya mji, alimsogelea Makame. Huyu alikuwa mchukuzi wa nne mwezi ule kuletwa kutoka kiwandani akiwa ameumia bega la kushoto, na wote wanne, eti, waliteleza bafuni. Alilipapasa bega lile akakuta limeota sugu, gumu kama kisigino.

"Hebu nionyeshe ulivyoanguka, kaka."

Makame alimtupia jicho msimamizi. Kisha akainama taratibu, kama mtu anayenyanyua gunia zito na kulitupia begani, uso ukamkunjamana kwa maumivu. Hivyo sivyo mtu anavyoteleza bafuni.

"Maumivu yamemchanganya," msimamizi aliingilia kati.

"Huenda. Nenda kamwandikishe pale dirishani, tafadhali. Bila cheti simtibu."

Msimamizi alisita, akamkazia Makame macho, ndipo akatoka shingo upande. Sikitu alidhani itambidi ambembeleze mgonjwa wake aseme. Lakini Makame aliinuka mwenyewe, akausogelea mlango, na kwa mkono wake mzima akasukuma komeo.