Kaske ya Manyoya

Célestine alimpasua sungura tumbo kwa wembe, akamchuna ngozi, akaikata vipande viwili vya mviringo, kila kimoja kipana kama kisahani. Alikuwa sungura wa kuchezea, wa manyoya ya manjano, aliyemtoa katika robota la mitumba sokoni Kalemie. Watoto walimwomba. Hawakupewa.

Kaske ilikuwa ya mumewe, Bonaventure, fundi wa redio: vikombe viwili vyeusi vya kuvaa masikioni, na waya wake. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Unapitisha uzi ukingoni mwa kitambaa, unajaza sufi iliyotolewa katika mto wa kulalia, unavalisha kikombe, unavuta uzi, unafunga fundo. Masikio marefu ya sungura aliyaacha, moja kila upande, kwa sababu aliona hasara kuyatupa.

Hayo hayakuwa mapambo. Mama yake, Mama Philomène, alikuwa amefika kwa gari la moshi baada ya mvua kuangusha nyumba yake Ankoro. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba, na huko Ankoro hakubaki hata mtu wa kumchotea maji. Lakini mama mkwe hakai hivi hivi kwa mkwe wake. Hapiti mlangoni aliposimama mkwe, hali mbele yake, na sauti yake haifiki masikioni mwa mkwe. Nyumba nayo ilikuwa ndogo, na ukuta wa kati haukufika paani. Upande huu meza ya kazi ya Bonaventure, upande ule kitanda cha mama.

Siku ya nne mama alisema neno baya juu ya pua ya mkwe wake. Ng'ambo ya ukuta, Bonaventure akakohoa.

Mama akaanza kufunga kikapu chake. "Amenisikia! Narudia kwetu. Afazali mvua iniue kuliko hii haya."

Célestine alilia waziwazi. Kumrudisha mama Ankoro na mguu ule ilikuwa kumrudisha kaburini. Alipomaliza kulia, akaenda kumtafuta sungura.

Mama mwenyewe ndiye aliyeijaribu kaske. Aliivaa, akafumba macho, na Célestine akagonga sufuria kwa mwiko karibu kabisa na kichwa chake.

"Nasikia pumuzi yangu tu," alisema mama. Akafungua kikapu.

Basi Bonaventure, mwanamume wa miaka arobaini na miwili, baba wa watoto wanne, wa kwanza Henriette, akawa anashinda mezani na masikio ya sungura. Mteja mmoja, karani mwenye abakosti iliyopigwa pasi vizuri, alisimama akamtazama kwa muda.

"Citoyen, hii modeli inatoka wapi?"

"Ni ya hapa hapa," alijibu Bonaventure bila kuinua macho wala kuvua kitu. Karani akaacha redio yake, akaenda zake.

Mama sasa alikuwa huru. Kila asubuhi alikaa kitandani, uso ukutani, akaanza.

"Radio za wantu anatengeneza, lakini paa yake inamushinda. Maji inaniangukia kwa shingo. Huyu njo mwanaume?"

Célestine, aliyekuwa nyuma yake akichambua maharage, aliona aibu hata kumweleza mumewe. Hakumwambia neno. Lakini mama alipokwenda dispansere kuangaliwa mguu, Bonaventure alipanda juu ya paa na bati jipya.

Wiki iliyofuata mama aliuambia ukuta kwamba kitanda ni cha chini mno, kama cha mbwa. Jumamosi seremala akaja na miguu minne ya mbao. Kisha ikawa zamu ya bukari, ugali wa mahindi. "Mahindi kila siku! Mi ni kuku?" Kesho yake kukaletwa gunia la unga wa muhogo. Célestine alimshukuru Mungu kwa kumpa mume mwenye macho.

Siku ambazo Bonaventure alikwenda Kabimba kutengeneza redio za watu, mama hakulalamika hata kidogo. Célestine alidhani ni mguu umepata nafuu.

Mwezi wa tatu manyoya yalianza kunuka moshi wa risasi ya kulehemia, na Célestine akafumua uzi ili ayafue. Ndani hamkuwa na sufi hata chembe. Upande wa sikio, kila kifuniko kilikuwa na tundu pana kama kizibo cha chupa, limepigwa pindo safi. Akamfuata mumewe uani.

"Papa Henriette, sufi iko wapi?"

"Ilikuwa inaleta joto."

"Kumbe unasikiaka yote?"

"Nilisikia paa. Nilisikia kitanda."

"Na pua?"

"Na pua." Bonaventure akafikiri kidogo. "Lakini ile sina piyesi yake ya kubadilisha."

Célestine hakucheka. Mama akijua, kikapu kitafungwa kabla ya saa sita, na safari hii hakuna sungura wa kumzuia. Akachukua sufi mpya na sindano, akaingia chumbani kwa mama na kuketi chini, akisema tu kwamba vifuniko vimelegea na anataka kuvijaza vizuri. Alijikaza asimtazame usoni.

Mama alimwangalia akitia uzi kwenye sindano. Halafu akamshika mkono na, kwa mara ya kwanza tangu afike Kalemie, akanong'ona.

"Weka sindano chini, mwanangu. Murudishie vile vile. Ukiziba, blanketi nitamuomba nani?"