Magurudumu ya Mtu Mzito

Kwa jinsi anavyosimulia jirani wa chini, yule ambaye mtaa mzima unamwita Redio, mambo yalikuwa hivi: mke aliteleza ngazini na ndoo ya maji, akabingirika mpaka chini, na mumewe, jitu zima lile, akashuka mbio akambeba kama yai hadi zahanati.

"Mwanamume wa kupenda hivyo sijaona," Redio anamalizia. "Wangu mimi angeuliza kwanza kama ndoo imepasuka."

Watu wanacheka. Mke mwenyewe akiwepo hutabasamu kidogo na kurekebisha kitambaa kinachoning'iniza mkono wake shingoni. Haongezi neno wala hapunguzi.

Asubuhi moja alikuwa amesimama kwenye karakana ya fundi baiskeli, gurudumu la nyuma la baiskeli ya mumewe limeegemea goti lake. Spoki zilikuwa zimekatika upande mmoja, na rimu imepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna.

Fundi alilizungusha, akaguna. "Hili lilikatika lini, shemeji?"

"Jumapili. Aliisukuma baiskeli mpaka nyumbani, watu wanamtazama. Siku ileile niliyoanguka."

"Balaa haliji peke yake." Fundi alitikisa kichwa. "Mzee ana kilo ngapi siku hizi?"

"Hapimi."

"Hapimi au hasemi?"

"Mizani tulikuwa nayo. Aliitupa dirishani." Alisema hivyo kama mtu anayesoma kibao cha duka.

Fundi alicheka, kwa kuwa alimjua rafiki yake. Mtaani walimwita Lori, lakini nyuma ya mgongo wake tu. Nyumbani kwake neno "mzito" halikutajwa hata kwa gunia la mkaa.

"Basi tumkadirie sisi. Tuseme mia na ishirini, na viatu juu. Bado anakwenda kule mlima wa antena?"

"Kila Jumapili. Kupanda anasukuma. Kushuka hashiki breki. Anasema breki ni za waoga."

Kicheko cha fundi kikaisha. "Nisikilize, shemeji. Kule chini kuna ile kona yenye ukuta wa mawe. Pale ndipo gurudumu linapoulizwa maswali. Tubadilishe yote mawili, la mbele na la nyuma, na tuchague kwa akili."

"Ndivyo alivyoniagiza. Nichague vizuri, hataki kuaibika tena barabarani. Nikikosea nitamjua yeye ni nani."

"Wanaume na baiskeli zao," alisema fundi.

Akashusha kutoka kwenye ndoano gurudumu pana, la rangi ya bati, spoki zimepishana kama wavu. Akazibana mbili mbili kwa vidole, zikakataa kulegea. "Hili halina sura, lakini lina roho. Rimu yake ina kuta mbili, haipindi ovyo. Spoki thelathini na sita. Moja ikikatika, wenzake wanabeba, mtu anafika kwake. Na juu yake navika tairi nene, siyo zile nyembamba kama kamba."

Mwanamke aliuliza taratibu, swali baada ya swali, kama anayejifunza kupika kitu kipya. Kwa nini spoki ziwe nyingi. Kwa nini tairi nene. Mtu mzito akipanda lisilomfaa, linakatika siku hiyohiyo au linakawia. Fundi alijibu yote kwa raha. Si kila siku mteja humsikiliza.

"Na yale?"

Karibu na dirisha yalining'inia magurudumu meusi yanayong'aa, spoki zake chache na zimeachana, mkono ungepita katikati.

"Yale ni ya vijana wembamba wa mashindano. Mepesi kama unyoya. Mtu wa kilo za mzee hayamchukui mbali. Spoki moja tu ikiachia, rimu inakwenda upande na kukwama. Sasa liwe gurudumu la mbele, uko mteremkoni..." Hakumalizia. "Wanene huja kuyaulizia kwa sababu yanapendeza. Mimi huwafukuza. Wanakasirika, lakini wanakasirika wakiwa hai."

"Hata yeye angeyapenda."

"Angeyapenda sana, na kona asingeikumbuka. Ndiyo maana nashukuru umekuja wewe. Mke mvumilivu ni kinga." Akautazama mkono wake. "Ila na wewe ujiangalie. Mwaka jana jino, mwaka huu mkono. Hizo ngazi zenu zina chuki na wewe."

"Ndiyo," alisema. "Zina chuki."

Mkono wenyewe haukumuuma tena. Siku za kwanza uliuma, kisha ukaacha, na baada ya mkono vitu vingine navyo vikaacha kuuma kimoja kimoja, kama taa za nyumba ambayo watu wake wanakwenda kulala. Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Aliisikia kwa mbali, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Fundi aliliweka lile gurudumu pana mezani, akalifuta kwa kitambaa. "Basi niyafunge haya, Jumapili mzee ashuke mlima wake kwa amani?"

Mwanamke alinyoosha mkono wake mzima. Alizipapasa spoki moja baada ya nyingine, akaridhika kwamba ni imara kama alivyoambiwa. Halafu akalisogeza gurudumu polepole juu ya meza, likarudi upande wa fundi.

"Nifungie yale ya dirishani," alisema. "Na akipita kukuuliza, fundi, mwambie ni wewe uliyesema yanamfaa."