Ndoo Mbili, Nyavu Mbili

Samaki wa nne alikufa mchana kweupe, mbele ya macho ya mama. Alilala ubavu juu ya mchanga, mwili umejaa madoa meupe kama aliyenyunyiziwa chumvi, mapezi yakatetemeka kidogo, kisha yakatulia. Fundi alimtoa kwa wavu, akamfunga kwenye gazeti. Miaka ishirini ya kutengeneza saa, mtu anayefufua vitu vidogo kuliko punje ya mchele, na hapa mkono wake haukufua dafu.

Tangi lile kubwa la maji ya bahari lilikuwa la mama tangu Fundi akiwa mtoto. Kiharusi kilipomwangusha, kilimnyang'anya sauti na upande mzima wa kushoto, kikamwachia mkono wa kulia na macho. Hakukubali kula mpaka kiti chake kielekezwe kwenye tangi. Daktari akasema kinachomfanya mama afumbue macho asubuhi kisiondolewe. Kusema kweli samaki ndio waliokuwa wakimlisha. Mwanawe alishika kijiko tu.

Yote yalianza kwa wema, na wema una vituko vyake. Fundi alimnunulia mama samaki wawili wa bluu, wamchangamshe. Muuza samaki alimwonya asiwachanganye na wenyeji.

"Kinga ni bora kuliko tiba," alisema. "Watenge wiki sita. Wana wadudu hawa samaki, huwaoni kwa macho. Tone moja la maji likivuka, umekwisha."

Fundi alitii kupita alivyoambiwa. Aliweka tangi dogo upande wa kushoto wa lile kubwa, akanunua ndoo mbili, nyavu mbili, mipira miwili ya kunyonyea maji na taulo mbili: vyekundu vya wageni, vya kijani vya wenyeji. Wiki ya pili wageni wakatokwa na madoa. Akawapa dawa, akashukuru kwamba aliwatenga. Wiki ya nne madoa yakatokea kwenye tangi kubwa.

Alimtuhumu mkewe kwamba amechanganya vyombo. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, tena alilisema mezani, watu wakila. Tangu siku ile mkewe aliacha kuingia sebuleni hata kufuta vumbi, na samaki wakaendelea kufa vilevile.

Alibaki mmoja, wa njano, mpana kama kiganja. Mama alimpa jina la Mkaguzi kabla ya kiharusi, kwa sababu kila kinachoingia majini lazima aje akikague, kiwe kijiko au kidole cha mtu. Muuza samaki akaja kumchukua, akamtibie dukani kwake. Tangi kubwa likae wiki kumi na moja bila samaki, wadudu wafe njaa. Kabla ya kuondoka alipekua kila kitu. Ndoo zilikuwa mbili, nyavu mbili, taulo mbili, hata kijiko cha chakula kilikuwa na mwenzake. Akakuna kichwa.

"Kuna kitu kinavuka, Fundi," alisema. "Sikijui ni kipi, ila kinavuka."

Wiki kumi na moja mama alitazama mawe na maji. Alikonda mpaka pete ikamvuka kidole. Kila asubuhi Fundi alihudumia matangi akiwa amempa mgongo, dogo kwanza, halafu kubwa, akionja maji kwa ncha ya kidole kama mama mwenyewe alivyomfundisha. Mama hakuwa na imani na vipimo vya dukani. Ulimi haudanganyi, alikuwa akisema, chumvi ikizidi utaijua. Enzi hizo nyumba ilikuwa na tangi moja tu.

Kila alipomaliza na kugeuka, alimkuta mama ameweka kidole mdomoni, macho yamemtoka.

"Una kiu, mama?"

Alimletea maji. Mama alifumba mdomo kwa nguvu, machozi yakamshuka. Ikawa ndiyo ada yao: kidole mdomoni, kikombe, machozi. Siku moja mkewe alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Huyu hana kiu, baba," alisema taratibu. "Mwenye kiu hunywa."

Fundi alijibu kwamba mama anawalilia samaki wake, na kwamba hata yeye angelia kama angekuwa na nafasi.

Jumamosi Mkaguzi alirudi. Alikuwa safi, hana hata doa moja, na dakika ya kwanza tu alianza kuzunguka mawe yake kuona nani aliyahamisha. Mama alimwona. Upande mmoja wa uso wake ukacheka, na siku hiyo akamaliza bakuli zima la uji. Fundi aliingia bafuni, akafungulia bomba, akalia.

Asubuhi ya Jumapili aliamka na moyo mwepesi ambao alikuwa ameshausahau. Wale wa bluu bado walikuwa na madoa yao, yakipona yanarudi. Akawalisha kwa kijiko chao, akapangusa kioo kwa taulo nyekundu, akachovya kidole, akaonja. Akahamia kulia. Akachovya tena, mpaka kwenye kiungo. Dirishani jua lilikuwa limempiga mama usoni, na kwa mara ya kwanza Fundi alimwona kwenye kioo cha tangi, nyuma yake, bila kugeuka.

Kidole cha mama kilishuka upande wa kushoto, kikapanda mdomoni, kikavuka kwenda kulia, kikashuka tena. Kisha kikaanza upya.

Mkaguzi akaja taratibu kukikagua kidole kilichokuwa majini.