Mkufu wa Lalla Yamina

Ami Tahar aliinua mkono tena, na ukumbi mzima wa Benki Kuu ukageuka kumtazama.

"Ami, hiyo ni bei ya nyumba!" mfanyabiashara mmoja alimtania kutoka nyuma. "Sarafu kumi na mbili tu. Una wazimu, au umeoa mke mpya?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Jasho lilimtiririka mgongoni.

Zilikuwa sarafu za luizi, dhahabu kongwe ya enzi za Wafaransa, zimetungwa mkufu. Benki ilikuwa ikiziuza kutoka akiba yake, kila mkufu na jina la aliyeutoa. Huu uliandikwa: Lalla Yamina, Kasba, Aljeri. Mama yake.

Mwaka ule wa kwanza wa uhuru hazina ilikuwa tupu, na wanawake walivua dhahabu zao wakazitoa kwa taifa. Tahar alikuwa mwanagenzi wa sonara, na uzalendo wake uliishia mdomoni. Alifua mkufu wa shaba, akaupaka dhahabu, akaubadilisha kimyakimya sandukuni mwa mama yake. Ule wa kweli akauficha chini ya kigae cha chumbani. Asubuhi Lalla Yamina aliuvaa, akaupapasa, akamtazama mwanawe.

"Shingo yangu haidanganyiki, Tahar," alisema. Akarudi chumbani kufuata shuka lake la kujitanda, akakawia, kisha akatoka kwenda kupanga foleni. Hakuna aliyepima. Nani apime sadaka ya mama wa watu?

Leo shule ya wasichana mtaani inaitwa kwa jina lake. Za mwizi arobaini, husemwa, lakini za Tahar zilikuwa zimekwenda miaka sitini. Mgeni yeyote akiununua mkufu ule na kuutia tindikali, jina la mama lingefutwa ukutani, na Kasba nzima ingelitemea mate.

Ndiyo maana wiki ile alifukua mkufu aliouficha, akamuuzia Haji Mokdad, bwana wa soko la dhahabu, ili apate fedha za mnada. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini hakuona haja ya kuupima. Si aliuficha mwenyewe?

Haji alikuwa anamwoza binti yake.

"Dhahabu yako siipimi, Ami. Itakuwa kama nakutukana," alisema huku akimmiminia kahawa. "Ila hao wakwe zangu, wallahi, wanapima hata chumvi. Alhamisi wanakuja na sonara wao." Akatabasamu. "Aliyeniuzia bandia mara ya mwisho alikuwa rafiki yangu. Mkewe bado anauliza aliko."

"Waache wapime mpaka wachoke," Ami Tahar alijibu, na alimaanisha kila neno.

Sasa nyundo ya mnadi iligonga meza. Mkufu ukawa wake. Alitoka benki akimshukuru Mungu.

Alhamisi hiyohiyo, alasiri, alijifungia kwenye karakana yake akawasha moto wa kuuyeyushia. Ushahidi ungekwisha, na mama angelala salama. Kabla ya kuutumbukiza, alitaka kuiona dhambi yake mara moja tu. Alisugua sarafu moja kwenye jiwe jeusi la kupimia, akadondosha tindikali, akangoja povu la kijani la shaba.

Mstari ulibaki wa manjano, kama wa dhahabu halisi.

Akasugua ya pili. Akasugua ya tatu, kwa haraka, kisha zote zilizobaki. Jiwe lilijaa mistari ya manjano, na hakuna hata mmoja uliofutika.

Mlango ukagongwa, taratibu. Nje ikasikika sauti ya Haji Mokdad, na safari hii hakusema Ami.

"Tahar. Fungua."