Viatu vya Jioni ya Tatu

Mzee aliyepanda meli pale Mwamgongo alikuwa amevaa ndala moja ya bluu na nyingine ya kijani. Jioni hiyo alikuja nazo mezani, akavuta kiti, akaketi mkabala na Oswald.

Oswald alizitazama, kisha akatazama sahani yake. Yeye alikuwa amevaa makubazi. Ndivyo alivyoelekezwa na mchumba wake, Regina, aliyekuwa akiuza tiketi za meli hiyo ya matembezi mjini Kigoma. Jioni ya kwanza makubazi, kwa sababu chakula huliwa nje. Jioni ya pili raba safi, maana ziwa huchafuka na sakafu huloa. Jioni ya tatu viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, vilivyopigwa rangi mpaka ving'ae.

Jioni ya tatu meli ingetia nanga Ilagala, na Regina angepanda pamoja na baba yake ili wale chakula wote watatu. Oswald hakuwahi kumwona mzee huyo, hata kwenye picha.

"Baba huanza na viatu," Regina alikuwa amemwambia. "Aliyekuja kuniposa kabla yako alivaa viatu vyenye vumbi la mtaa wa Gungu. Hakuulizwa hata jina."

"Na akishamaliza viatu?"

"Hapo ana mambo yake. Shemeji yangu, mume wa dada Esther, anauza mawese. Baba alimwendea dukani akijifanya mnunuzi. Shemeji akampunja kwenye kipimo. Posa ikakaa miaka miwili."

Oswald, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida, hakutaka kukaa miaka miwili. Tangu meli ilipong'oa nanga alikuwa amemwamkia kila mtu, mpaka waosha vyombo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, uma mbili za nini, na mgebuka ni mmoja?"

"Nadhani moja ni ya akiba, mzee. Safari ya wapi?"

"Ilagala. Kuna shughuli ya binti yangu." Mzee alimchambua samaki huyo kwa vidole. "Mkwe mwenyewe bado sijamjua vizuri."

Oswald aliweka uma wake chini.

"Sasa mzee, Ilagala iko kusini. Mbona umepandia huku kaskazini?"

"Shemeji yangu ni fundi wa injini humu. Kaniombea nafasi."

Oswald aliitikia kwa kichwa polepole. Mara mnunuzi wa mawese, mara shemeji wa fundi wa injini. Alimsogezea mzee bakuli la pilipili.

Jioni ya pili ziwa lilichafuka kweli, na glasi zikawa zinateleza mezani. Mzee alikuwa na maswali.

"Wazazi wako hai?"

"Wako hai, mzee."

"Unakunywa?"

"Soda tu."

"Hata bia moja?"

"Hata moja."

"Pole sana," mzee akasema. Kisha akainama, akachungulia chini ya meza. "Naona leo umebadilisha. Una viatu vingi?"

"Vya kutosha, mzee. Vya kesho ni vyeusi, vya ngozi."

"Namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Kama mimi." Mzee alivuta pumzi. "Vyangu vilichukuliwa na maji wakati natoka kwenye mtumbwi. Hizi ndala nimeokotewa na watu. Basi, nitaingia hivihivi mbele ya wakwe. Ila binti yangu ataona aibu."

Oswald alilipima jambo hilo mpaka chai ya asubuhi. Aliwaza habari za kipimo cha mawese. Aliwaza maneno ya Regina, kwamba baba huanza na viatu, akaona kwamba alikuwa ameyaelewa vibaya. Mtu anaweza kuanza na viatu kwa namna nyingi, hata kwa kujifanya hana.

Alasiri, vilima vya Ilagala vilipoanza kuonekana, alivipiga rangi viatu vyake kwa mara ya mwisho, akampelekea mzee.

"Vaa hivi, mzee wangu."

"Na wewe?"

"Mimi nipe hizo ndala."

"Lakini si una raba?"

"Raba naziacha. Nitavaa hizo."

"Mezani?"

"Mezani. Mbele ya wakwe."

Mzee alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. Lakini viatu vilimkaa vizuri. Alitembea navyo hatua chache, akarudi, akamshika Oswald mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akubariki. Leo binti yangu ataringa."

"Mwambie namsubiri."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie tu, mzee. Ataelewa."

Mzee akashuka ngazi taratibu, akiangalia asivikwaruze, akaingia kwenye boti ya kwanza iliyokwenda ufukweni.

Oswald alivaa shati jeupe na suruali iliyonyooka, akaenda chumba cha kulia. Mhudumu aliziona ndala, akasimama na sinia mkononi. Oswald alimwambia asiwe na wasiwasi. Alichagua kiti cha pembeni na kunyoosha miguu nje ya kitambaa cha meza, ili kusiwe na haja ya mtu kuinama.

Boti ilirudi. Regina aliingia akiwa amevaa gauni la kitenge, na nyuma yake mwanamume mrefu mwenye tai. Oswald alisimama, akatabasamu.

"Shikamoo," alimwambia yule mwanamume, kisha akachungulia mlangoni nyuma yao. "Baba yuko wapi?"

Regina alimgeukia yule aliyekuwa nyuma yake. Mwanamume mwenye tai alikuwa amemaliza kuitazama ndala ya bluu, na sasa alikuwa anaitazama ya kijani.