Tundu la Kwapani

Hezron aliliziba tundu hilo mwenyewe alipofuma nakala ya deraya ya kale, vazi la vita la pete za chuma, pale karakana ya Manfuha, akidhani anafanya kazi safi.

Bosi, aliyetoka Jeddah kuichukua deraya, aliilinganisha na picha ya ile ya kale, pete kwa pete. Akatikisa kichwa.

"Hapa kwapani ndipo mkuki ulipomwingia aliyeivaa ile ya kale. Fungua."

Hezron akashika koleo, akakata pete tisa, moja moja. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi tangu mwezi wa pili wa kazi.

"Na siku ya maigizo ya vita nani ataivaa, bosi?"

"Wewe. Unalingana naye kifua, yule aliyechomwa. Yalla, vaa tuone."

Akaivaa, akainua mkono. Bosi akapenyeza kidole tunduni, akabonyeza ubavu kwa nguvu.

"Unasikia maumivu?"

"Hapana, bosi," akasema Hezron, mkono ungali juu.